Masika, Vuli na Mbegu: Uhakiki wa Mafunzo ya Kiroho Yatokanayo na Majira

Miongoni mwa mifano inayopendwa na waandishi na wahubiri wa Kikristo watumiao Kiswahili ni ule wa majira ya mwaka. Mvua hufananishwa na neema, kiangazi na majaribu, mbegu na imani, mavuno na siku ya mwisho. Mifano hiyo ina asili yake katika Biblia yenyewe, wala hakuna mtu awezaye kuilaumu kwa kuwapo. Lakini mfano kazi yake ni kutumia kinachojulikana ili kufahamisha kisichojulikana. Kwa hiyo, kila tunapousoma hapana budi tuulize: majira haya yanayotajwa ni ya nani, na je, msomaji ameyaishi?

Makala haya yanakusudia kulichunguza swali hilo kwa manufaa ya walimu wa Kiswahili wa Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo. Wengi wa wanafunzi wetu wamejifunza lugha hii darasani, kanisani au sokoni, mbali sana na bahari ambako maneno mengi ya majira yalizaliwa. Hatukusudii kuhukumu imani ya mtu yeyote. Tunachopima ni maandishi: kama mfano umeshika au umeteleza.

Majira ya kuazima

Katika vijitabu vya ibada vilivyofasiriwa kutoka lugha za Ulaya hupatikana mpango mmoja unaojulikana sana. Majira ya baridi kali ni dhiki ya roho. Majira ya kuchipua ni wokovu. Majira ya joto ni kukomaa. Na majira ya majani kupukutika ni uzee na mauti. Mpango huu ni mzuri kwa yule aliyeyaona hayo. Mtu wa Uingereza huishi miezi kadhaa akitazama miti iliyo mitupu kama kuni, kisha asubuhi moja huona chipukizi. Mwili wake umekwisha kuhubiriwa kabla mhubiri hajafungua kinywa.

Msomaji wa Gitega au wa Mbarara hana ushahidi huo. Mgomba wake huwa na majani mabichi mwaka mzima. Baya zaidi ni kwamba mfasiri, akitafuta maneno ya kutumia, hushika yale yaliyo karibu na kugeuza maana bila kujua. Akiandika kiangazi mahali pa majira ya joto ya Ulaya, amechukua wakati wa maua, furaha na siku ndefu, akaupa jina la vumbi, visima vilivyokauka na ng'ombe waliokonda. Akiandika kipupwe mahali pa majira ya theluji, amechukua wakati ambapo mimea imelala kama iliyokufa, akaupa jina la miezi ambayo kwetu mazao ya masika huwa yamekwisha kuingia ghalani. Maneno yote ni ya Kiswahili sanifu, na sarufi haina kasoro, lakini fundisho limepinduka.

Isisemwe, hata hivyo, kwamba watunzi wa Ulaya na Marekani ndio waliokosea. Christina Rossetti, mshairi wa Uingereza, katika shairi lake la Noeli lililochapishwa mwaka 1872, aliuweka usiku wa kuzaliwa kwa Yesu katikati ya baridi na theluji ya nchi yake, ingawa Bethlehemu ni mahali ambapo theluji huanguka kwa nadra. Alilolitenda ni kulichukua tukio la mbali na kulileta mlangoni pa wasomaji wake, wakalisikia kwa ngozi zao. Vivyo hivyo Mmarekani Thomas Chisholm, katika wimbo wake wa mwaka 1923 juu ya uaminifu wa Mungu, aliyaita majira ya mwaka yasimame kuwa mashahidi. Hao waliita mashahidi waliowafahamu. Kosa ni letu sisi tunapowachukua mashahidi wao na kuwasimamisha mbele ya baraza ambalo halijapata kuwaona, kisha tukashangaa kwamba ushahidi hauingii.

Kaskazi na kusi

Wafasiri wa Biblia ya Kiswahili iitwayo Union Version, iliyotolewa nzima mwaka 1952, walilifahamu tatizo hili. Mfano ulio bora ni ule wa Mwanzo, sura ya 8, palipo na ahadi ya Mungu baada ya gharika kwamba majira hayatakoma. Maandishi ya Kiebrania hutaja pale nyakati mbili kubwa za mwaka, ile ya joto na ile ya baridi. Wafasiri hawakubuni maneno mapya, bali waliweka kaskazi na kusi.

Kwa mtu wa pwani chaguo hili lina nguvu kubwa. Kaskazi ni upepo uvumao takriban kuanzia Desemba hadi Machi, wakati wa joto, na kwa karne nyingi ndio ulioyaleta majahazi kutoka Uarabuni na Ghuba. Kusi huvuma tangu Aprili hivi hadi Septemba, hali ya hewa ikiwa na ubaridi, na ndiyo iliyoyarudisha majahazi hayo kwao. Baharia aliyeambiwa kwamba kaskazi na kusi havitakoma aliahidiwa zaidi ya hali ya hewa. Aliahidiwa kwamba aliyesafiri ataweza kurudi nyumbani. Hapo mfasiri amefanya kazi ya mshairi.

Lakini tuutazame mstari huohuo kwa macho ya mwanafunzi wa Kigali au wa Kampala. Yeye amefundishwa kaskazini na kusini, yaani pande za dunia katika ramani. Akiona kaskazi na kusi hudhani kwamba anasoma juu ya pande hizo. Maana haipotei yote, lakini kiini kinamponyoka, kwa sababu pande za dunia hukaa mahali pake daima, ilhali pepo hupokezana. Ahadi ya sura ile ni ahadi ya kupokezana: lililokwenda litarejea. Mwalimu asipolieleza hilo, mwanafunzi atakariri maneno sahihi na kubaki na maana pungufu.

Mfano wa pili wa jinsi upepo unavyoweza kumpoteza msomaji umo katika Injili ya Luka, sura ya 12, ambapo Yesu anawaambia makutano kwamba wakiuona upepo wa kusini hutabiri joto. Katika nchi ya Palestina jambo hilo ni la kweli, kwa kuwa upande wa kusini kuna jangwa. Katika pwani yetu kusi huleta ubaridi. Msomaji wa Lamu ambaye hajapewa maelezo ataona kwamba Injili inasema kinyume cha anachokijua. Hoja ya Yesu ni ileile iliyomo katika methali yetu isemayo kuwa dalili ya mvua ni mawingu: mwajua kusoma mbingu, mbona hamjui kusoma wakati huu? Hoja ni moja, ila hewa ni mbili.

Mvua mbili, mavuno mangapi?

Sasa tuje kwenye mvua. Katika Palestina mvua huanza Oktoba au Novemba na kuishia Machi au Aprili. Mvua ya kwanza hulainisha ardhi iliyokauka ili mkulima alime na kupanda. Mvua ya mwisho huijaza punje ya nafaka kabla ya kuvunwa. Katikati kuna mvua nyingi za wakati wa baridi. Hizo ni mvua mbili za zao moja.

Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 11, na katika Yoeli, sura ya 2, wafasiri wa mwaka 1952 waliiita ile ya kwanza masika na ile ya mwisho vuli. Hapa msomaji makini atasimama kidogo. Kwa hesabu ya miezi, mvua yetu ya Oktoba na Novemba ni vuli, na ile ya Machi na Aprili ni masika. Kwa hiyo majina yamepishana na kalenda. Yamkini wafasiri walifuata mpango wa mwaka wetu, ambamo masika hutangulia na vuli hufuata. Hatuwezi kuwalaumu sana, kwa kuwa walitaka maneno yenye harufu ya udongo uliolowa, nao waliyapata.

Tatizo lililo kubwa zaidi ni la kilimo. Penye misimu miwili ya mvua, masika na vuli ni nyakati mbili za kupanda zenye mavuno mawili mbalimbali. Mnyarwanda hupanda katika umuhindo, akapumzishwa na jua fupi la urugaryi, kisha hupanda tena katika itumba kabla ya jua refu la icyi. Mganda naye ana ttoggo na ddumbi. Mkulima wa namna hiyo, maharage yake yakiharibika katika msimu mmoja, hujifariji kwa msimu ujao. Akisikia habari za mvua mbili, moyo wake huelekea kwenye nafasi ya pili.

Lakini Yakobo, katika sura ya 5 ya waraka wake, hazungumzii nafasi ya pili. Anamzungumzia mkulima aliyeweka mbegu yake yote ardhini mara moja, akangoja mvua ya kwanza na ya mwisho zipite juu ya mbegu ileile. Mvua ya mwisho isipokuja, mvua ya kwanza imekuwa bure. Huo ndio uvumilivu anaoufundisha: si kungoja bahati nyingine, bali ni kudumu na jambo lililokwisha kuanzwa hadi limalizike. Ni vema kutambua kwamba katika waraka huo wafasiri hawakutumia masika wala vuli. Walisema tu mvua ya kwanza na ya mwisho, na kwa kufanya hivyo wakaliokoa fundisho.

Hapa ndugu zetu wa Lubumbashi wana faida kuliko sisi wa maeneo ya misimu miwili. Huko kusini ya Kongo mvua huanza mnamo Novemba na kukoma mnamo Aprili, kisha ardhi hukauka miezi mingi. Mkulima wa mahindi wa huko, kama yule wa Dodoma, anajua maana ya mvua iliyoanza vizuri na kukatika kabla punje hazijajaa. Mwalimu wa Katanga anaweza kuusoma waraka wa Yakobo bila tanbihi hata moja.

Pasaka tatu

Tofauti hizo za majira zina matokeo katika kusoma kiini cha imani ya Kikristo, yaani ufufuo. Kwa kalenda ya makanisa ya Magharibi Pasaka huangukia kati ya tarehe 22 Machi na 25 Aprili. Katika Palestina huo ni wakati ambapo shayiri huanza kuvunwa, na zamani mafungu ya kwanza yaliletwa hekaluni. Ndiyo sababu Paulo, katika Wakorintho wa Kwanza, sura ya 15, anamwita Kristo limbuko la waliolala. Limbuko ni neno zuri la Kiswahili, nalo linastahili kufundishwa kikamilifu, kwa maana lina uhakika ndani yake: anayeonja tunda la kwanza anajua kwamba shamba zima linakuja.

Katika Ulaya Pasaka huangukia wakati wa maua. Kwa hiyo nyimbo na kadi zao zimejaa chipukizi, ndege na vifaranga. Ufufuo huko huonekana kwa macho. Mhubiri hana haja ila kunyosha kidole dirishani.

Kwetu Kampala, Kigali na Bujumbura Pasaka huja pamoja na mvua za masika. Huo ni wakati ambao mbegu nyingi zimeingia ardhini siku chache tu zilizopita, au ndiyo kwanza zinaanza kutoboa udongo. Anayetafuta maua ya kumhubiria ufufuo amekosea shamba. Lakini anayekumbuka maneno ya Yesu katika Yohana, sura ya 12, juu ya punje ya ngano isiyozaa mpaka ifukiwe na kufa, amesimama mahali palepale panapotakiwa. Pasaka yetu kwa majira yake ni Pasaka ya mbegu iliyofukiwa. Haina uthibitisho wa macho. Ina tumaini la mpandaji. Sioni sababu kwa nini watunzi wetu wa nyimbo waazime maua ya wengine na kuiacha mbegu hii, ambayo kila mtoto wa mkulima ameishika mkononi.

Iko pia Zaburi ya 126, isemayo juu ya wanaopanda huku wakilia. Msomaji wa mjini huuliza kwa nini mtu alie wakati wa kupanda. Wazee wetu hawaulizi. Miezi ya kupanda mara nyingi ndiyo miezi ya njaa: ghala limekaribia kwisha, na mbegu iliyofichwa katika kibuyu ni chakula ambacho mtoto angeweza kukila usiku huu. Kuitoa na kuitupa udongoni ni jambo la machozi. Zaburi hiyo ikisomwa pamoja na maisha ya mkulima wa kwetu, hufunguka kwa upana ambao fasiri nyingi za kigeni hazikuufikia.

Mvua iuapo

Hadi hapa tumedai kwamba mfano uwe wa kwetu. Sasa tudai jambo la pili: uwe mkweli. Waandishi wengi wa mafunzo ya kiroho huchukua upande mmoja tu wa majira. Kwao mvua daima ni baraka, na ukame daima ni adhabu. Tena huegemea Kumbukumbu la Torati, sura ya 11, inayounganisha mvua na utii.

Nani atalisema hilo katika Kalehe? Mwanzoni mwa Mei 2023 mvua kubwa zilileta mafuriko na maporomoko ya udongo katika magharibi na kaskazini ya Rwanda, ambako watu zaidi ya 130 walifariki. Siku zilezile, ng'ambo ya Ziwa Kivu, katika vijiji vya Kalehe nchini Kongo, walifariki zaidi ya 400. Kabla ya hapo, tangu mwishoni mwa mwaka 2020 hadi mwishoni mwa 2022, mvua zilikuwa haba kwa misimu mitano mfululizo katika sehemu kubwa za Pembe ya Afrika pamoja na kaskazini ya Kenya, mifugo ikafa kwa wingi. Masika ya mwaka 2024 nayo yalileta mafuriko Kenya, Tanzania na Burundi. Mwandishi anayerudia kwamba mvua ni neema, bila kuongeza neno, hawaoni waliozikwa na mvua hiyo. Na anayesema kwamba ukame ni hukumu huwaweka wafugaji masikini kizimbani, ilhali wataalamu wa hali ya hewa wameonyesha kwamba joto la dunia linaongezwa na moshi wa makaa ya mawe na mafuta, ambao kwa sehemu kubwa umetoka katika nchi nyingine.

Biblia yenyewe haiishii katika sura moja. Luka, katika sura ya 13, anasimulia juu ya watu 18 walioangukiwa na mnara huko Siloamu, na Yesu anakataa kwamba walikuwa wakosaji kuliko wengine. Mathayo, sura ya 5, anasema kwamba mvua huwanyeshea wenye haki na wasio haki. Kitabu kizima cha Ayubu ni hoja dhidi ya marafiki waliotaka kuusoma msiba wa mtu kama hati ya mashtaka. Mwandishi aliyesoma haya yote hawezi kuyafanya majira yawe fimbo ya kuwapigia wanaoteseka. Na hata ile ahadi ya Mwanzo, sura ya 8, inasema tu kwamba majira hayatakoma. Haikusema kwamba yatafika siku tuliyoizoea, wala haikutuondolea wajibu wa kuitunza ardhi.

Kazi ya mwalimu

Tunapendekeza basi kwamba kila mara darasa linapokutana na fundisho la aina hii, katika insha, wimbo au hotuba, liulize maswali matatu. Kwanza, majira haya ni ya nchi gani? Pili, neno la Kiswahili lililotumika lina maana gani kwa msomaji wa hapa, na je, lina maana hiyo kwa msomaji wa pwani? Tatu, mwandishi ameruhusu majira yaseme yote, pamoja na machungu yake, au amechagua yanayompendeza tu?

Zoezi lililo rahisi ni kuandika ubaoni jedwali la miezi 12. Safu ya kwanza iwe ya majira ya mahali penu kwa lugha yenu ya nyumbani. Ya pili, ya pwani ya Waswahili. Ya tatu, ya Palestina. Ya nne, ya Ulaya. Mwanafunzi atakayejaza jedwali hilo atajifunza msamiati, jiografia na uhakiki kwa wakati mmoja. Kisha aandike insha fupi juu ya mwezi mmoja wa kijiji chake, bila theluji na bila maua asiyoyajua. Mathias Mnyampala, mtu wa Ugogo, aliyetunga utenzi wa Injili na utenzi wa Zaburi, alionyesha zamani kwamba mambo ya Biblia yanaweza kukaa katika bahari za ushairi wa Kiswahili. Yaliyobaki ni kuyapa pia udongo wa mahali ambapo Kiswahili kimefika.

Walimu wenzetu wanaombwa kukusanya kwa wazee wa maeneo yao majina ya majira, pamoja na kazi za shambani zinazoambatana nayo, na kuyaleta kwa mhariri ili yachapishwe pamoja katika toleo lijalo. Wazee wenye maneno hayo wanapungua, na mvua walizozipa majina zimeanza kubadilika.